Mlilala Wangapi?
Mazungumzo na wakazi wa Jinja na Mbale kuhusu familia, bustani ya nyumbani na maandalizi ya dharura

Maneno haya tuliyasema kwanza Jinja, kisha Mbale, na tumeombwa kuyaandika ili ndugu zetu wa Busia, Malaba na Lwakhakha, ambao hawakuweza kufika, wayapate nao.

Tulipotangaza kwamba polisi watakuja kuzungumza juu ya bustani, watu walicheka. Mzee mmoja alituuliza kama tumeishiwa na wezi wa kukamata. Hatujaishiwa, mzee wetu. Lakini kazi yetu hutufikisha nyumbani kwa watu katika saa iliyo mbaya kuliko zote: nyumba imeungua, mto umepita sebuleni, kilima kimeshuka. Kabla hatujashika jembe la kufukua tope, tunauliza swali moja: “Mlilala wangapi?” Jibu la swali hilo ndilo linaloamua tuchimbe wapi na tuache lini. Nalo ni swali ambalo familia nyingi hazina jibu lake. Baba anasema saba, mama anasema tisa, na mtoto mkubwa anakumbuka kwamba binamu kutoka ng’ambo alifika usiku sana kwa bodaboda. Tumewahi kuchimba nusu ya siku tukimtafuta mtoto aliyekuwa amelala salama kwa shangazi yake. Kinyume cha kosa hilo hatupendi hata kukifikiria.

Watu wa Mbale hawahitaji kuelezwa habari hizi. Usiku wa kuamkia Jumapili, 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilivunja kingo zake. Watu zaidi ya 20 walifariki, nyumba na maduka yakajaa tope, na kwa kuwa mabomba yaliharibika, sehemu kubwa ya mji ilikosa maji ya kunywa huku maji ya mto yakiwa yametuama vyumbani. Mvua iliyojaza mito ile haikuwa ya mjini peke yake. Ilinyesha pia juu, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na maji ya mlimani hayangoji mtu wa bondeni asikie tone juu ya bati lake. Ndugu zetu wa mlimani nao wana tarehe zao: Nametsi katika Bududa, 1 Machi 2010, udongo ulipofukia makazi pamoja na zahanati, Bukalasi, 11 Oktoba 2018, mto uliposhuka na mawe na kuua watu zaidi ya 40, Bulambuli, mwishoni mwa Novemba 2024. Machi, Julai, Oktoba, Novemba. Asije mtu akatuambia kuna mwezi wa kulala fofofo.

Tunajua kwamba polisi wakimwomba mwananchi ahesabu watu wa nyumbani kwake, wengine huona ni upelelezi. Hatuwalaumu; mpakani watu wameulizwa maswali mengi na watu wengi wenye sare. Kwa hiyo tunasema wazi kwamba hesabu tunayoizungumzia hapa si ya kituo cha polisi. Haiandikwi katika daftari letu. Ni ya mama na baba, nayo inatakiwa ifanyike kila jioni kabla komeo halijashuka. Katika nyumba za mpakani idadi hubadilika kila usiku: mfanyabiashara aliyechelewa kuvuka, kibarua wa kuvuna, mjukuu aliyetoka Bungoma kwa likizo. Katika mwaka wa imbalu, ambao huku kwa Wagisu huja kila mwaka wa pili, nyumba ya watu sita inaweza kulaza kumi na watano, na hakuna anayejua ni nani yuko kwenye kibanda cha jikoni. Mgeni ahesabiwe, aonyeshwe mlango, na aambiwe mahali pa kukimbilia. Ukarimu wetu unajua kumpa chakula na mkeka. Haya matatu tumezoea kuyasahau.

Mahali pa kukimbilia pawe pawili. Pa kwanza ni karibu, hatua chache kutoka mlangoni, kwa mfano chini ya mti fulani au penye ukuta wa jirani, kwa ajili ya moto. Pa pili ni mbali na juu, kwa ajili ya maji, mahali ambapo njia yake haivuki mto wala daraja dogo. Watu wa Lwakhakha watuelewe vizuri: mto ndio mpaka wenu, na pengine nyumba ya kaka yako iliyo juu ya kilima iko upande wa Kenya. Usiku wa mafuriko usivuke kumfuata. Panda kilima cha upande uliopo, hata kama huko huna ndugu, kisha umpigie simu. Huyo kaka wa ng’ambo awe mtunza habari wa familia, kwa kuwa maji yakiharibu upande mmoja, yawezekana simu za upande wa pili zinafanya kazi. Nambari yake watoto waijue kwa moyo, kama wanavyojua nyimbo za shule. Nambari iliyo ndani ya simu iliyosombwa haimsaidii mtu.

Sasa tuingie bustanini, maana hapo ndipo tulipochekwa.

Tumeona mambo matatu. La kwanza ni la jioni yenyewe. Familia inayomwagilia mboga pamoja, hata kama ni magunia manne ya sukuma nyuma ya nyumba, inakutana kila siku saa ile ile. Huko ndiko baba anakogundua kwamba kijana hajarudi, na mama anakosikia kwamba binti atalala kwa rafiki. Sisi wenyewe tunaoishi kwenye nyumba za bati za kambini tuna vipande vya ardhi visivyozidi mkeka mmoja, na tunashuhudia kwamba watoto wetu hutuambia mengi wakiwa wameshika kopo la maji kuliko tunapowakalisha na kuwahoji. Pengine kwa sababu kuhoji tumekuzoea kazini.

La pili ni chakula cha siku za baada ya janga. Msaada huja, lakini huja baada ya barabara kufunguka. Kwa hiyo chakula cha nyumbani kisikae mahali pamoja. Kiasi kiwe ardhini: viazi vitamu na muhogo vina fadhila ya kungoja shambani mpaka uvihitaji, lakini maji yakituama juu yake vinaoza kwa siku chache, hivyo vipandwe kwenye matuta yaliyoinuka na siyo katika kibonde. Kiasi kiwe juu ya ardhi: mchicha ambao huku tunauita dodo, mnavu na sukuma katika magunia na mabeseni mabovu, yaliyowekwa juu ya matofali. Kiasi kiwe kikavu. Ndugu zetu wa Teso hukata viazi vitamu vipande, wakavianika, wakapata amukeke, chakula kinachokaa miezi bila friji wala chumvi. Ni elimu ya nyanya zao, na hatuoni aibu kuiazima. Wenye nafasi wapande pia viazi vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vinavyowapa watoto vitamini A. Mtafiti wetu wa Uganda, Robert Mwanga, alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 kwa kazi ya kuongeza virutubisho katika mazao, na kiazi hiki ndicho kilichompa heshima hiyo. Na mbegu: chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia mbegu za dodo, mnavu na maharage pamoja na jivu kidogo, uiweke kwa jirani aliye juu kuliko wewe. Dodo huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Aliyepoteza kila kitu akiwa na chupa ile ana mboga kabla ya mwezi wa pili.

Kuna jambo la fedha hapa, nasi tutalitaja upesi kwa sababu wake kwa waume wamelileta mezani petu mara nyingi. Mahindi yakikomaa, wanunuzi hufika na lori, na gunia la mwisho huuzwa. Miezi michache baadaye familia hiyo hiyo inanunua mahindi kwa bei kubwa, na ugomvi unaanza: fedha zilikwenda wapi? Baadhi ya ugomvi huo huishia kwa kipigo, na kipigo ni kosa chini ya Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya 2010, hata kama ukoo umeshakaa na kusuluhisha. Kubalianeni kabla ya lori kufika ni magunia mangapi hayauzwi.

La tatu ndilo gumu. Bustani inaweza pia kuleta maafa. Ukipita kando ya Namatala utaona mboga na mahindi yamelimwa mpaka ukingoni, mahali ambapo matete yalikuwa yakishika udongo. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinataka kingo ziachwe: mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa, mita 30 kwa mito mingine, na mita 200 kwa maziwa kama Victoria. Tumeambiwa, na kwa hasira: “Mkituondoa hapo, tulime wapi?” Hatuna jibu jepesi. Mtu mwenye robo eka aliyogawiwa na babu yake, nayo yote iko ndani ya mita 30, hatashibishwa na kanuni. Tunachoweza kusema ni kwamba sehemu iliyo karibu zaidi na maji irudishiwe matete na miti, na mboga zisogezwe nyumbani, kwenye magunia, ambako hata mwizi huzifikia kwa shida. Juu mlimani, kahawa na migomba iliyochanganywa na miti mikubwa hushika udongo kuliko mgomba peke yake, ambao mizizi yake haiendi chini sana. Mkiona ufa mpya ardhini, miti imeinama, mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama, au chemchemi imeanza kutoa tope, msingoje mvua nyingine. Ondokeni mchana, mkamwarifu mwenyekiti wa LC1.

Watu wa Jinja walituuliza: haya ya milima yanatuhusu nini? Tuliwakumbusha mwaka 2020. Mwezi Mei, Ziwa Victoria lilipanda likavuka hata kimo cha 1964, na wenye makazi na bustani karibu na maji waliona ziwa likiwafuata. Mwezi mmoja kabla, tarehe 14 Aprili, kisiwa cha mimea kinachoelea kilisukumwa hadi bwawa la Nalubaale, na karibu nchi nzima ikaingia gizani. Giza huleta mshumaa, na mshumaa karibu na pazia huleta moto. Katika moto wa nyumba, kinachotuumiza mara nyingi ni ufunguo: mlango umefungwa kwa kufuli kutoka ndani, madirisha yana nondo, na ufunguo uko katika mfuko wa suruali ya baba. Utundikwe kwenye msumari mmoja unaojulikana, ambao mtoto wa miaka minane anaufikia gizani. Sigiri yenye mkaa isilale ndani ya chumba, hata usiku wa baridi. Moshi wake usioonekana huua bila kumwamsha mtu. Ndoo ya mchanga ikae jikoni.

Maji ya kunywa: mtu mmoja ahesabiwe lita nne kwa siku, za kunywa na kupikia. Kwa familia ya watu sita, madumu matatu ya lita 20 yanatosha siku mbili na nusu. Yabadilishwe kila wiki, na yale ya zamani yamwagiliwe mboga, ndipo mtaona bustani na dharura ni kazi moja. Vitambulisho vya taifa, kadi za chanjo na karatasi za makubaliano ya ardhi vitiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, mahali pamoja karibu na mlango. Baada ya mafuriko alama za mipaka hupotea, na majirani waliookoana usiku hupigana mchana kwa sababu ya hatua mbili za ardhi. Karatasi kavu hutupunguzia sisi kazi hiyo. Nambari zetu za dharura ni 999 na 112, nazo hazitozi malipo.

Mwishoni mwa mkutano wa Mbale mama mmoja alisimama. Alisema haya yote ameyasikia, ila hatujagusa jambo linalowarudisha watu ndani ya maji: ng’ombe. Alisema kweli. Ng’ombe mmoja ni karo ya shule, ni mahari, ni jembe. Tulimjibu hivi. Kuanzia leo, mfungie kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, na uweke kisu juu ya mlango wa zizi. Maji yakija, fungua au kata kamba, kisha uondoke bila kumvuta. Ng’ombe aliye huru huogelea na kutafuta mwinuko mwenyewe. Aliyefungwa hufia kwenye kigingi. Mama yule akauliza: “Na nikikata kamba, kesho nikimkuta zizini kwa mtu mwingine?” Tukamwambia aje kituoni, yeye na huyo mtu, na hilo tutalishughulikia.