Mwili wa mchekeshaji ni mtaji wa nani?

Msikilizaji, katika uchambuzi wa leo tumtazame marehemu Amri Athuman, mchekeshaji King Majuto wa Tanga, aliyefariki dunia Agosti 2018 baada ya kuugua. Mzee huyu alianza kuigiza akiwa mtoto, na ustadi wake ulikuwa mwilini kabla ya kuwa mdomoni: alikodoa macho, akanyamaza, na watu wakaangua kicheko hata kabla hajatamka neno. Sasa, kwa nini jambo hili likuhusu wewe fundi, dereva wa bodaboda au mama lishe? Kwa sababu nawe unakula kwa mwili wako. Ukilala kitandani, riziki nayo imelala. Ila kuna tofauti moja. Majuto alipokuwa hoi, filamu zake ziliendelea kuchekesha watu. Je, msanii hastahili mgawo wa mauzo ya kicheko hicho?

Kwa upande mwingine, wapo watakaosema msanii aliuza kazi, akasaini, akalipwa, na kwamba mtayarishaji ndiye anayebeba hasara sinema isiponunuliwa. Hoja hiyo ina uzito, maana bila mtaji hakuna filamu. Lakini Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inawatambua pia waigizaji, si watunzi peke yao, na malipo ya mkupuo mmoja hayalingani na kicheko cha miaka na miaka. Kwa maoni yangu, pengo liko kwenye mkataba: sheria haimfai sana aliyesaini asichokisoma. Je, ni mtayarishaji gani atakayemwandikia mchekeshaji wake asilimia ya mauzo?