Kadi ya Mtoto Mwenye Ulemavu na Pesa za Inua Jamii

Leo nazungumza nawe mama, au wewe nyanya, unayemlea mtoto mwenye ulemavu.

Kliniki naulizwa mara nyingi: "Sista, mtoto ana kadi, mbona pesa hazijaja?" Akina mama, kadi na pesa ni vitu viwili, na kila kimoja kina mlango wake.

Kadi hutolewa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mtoto hupimwa kwanza na madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, nao huandika ripoti. Beba cheti chake cha kuzaliwa, kitambulisho chako na kijitabu cha kliniki. Kuandikishwa na Baraza ni bure, kwa hivyo anayetaka "kitu kidogo" ili akuharakishie, mkatalie. Ukiwa na kadi unaweza kuliomba Baraza kiti cha magurudumu, kifaa cha kusikia au msaada wa karo.

Pesa ni za Inua Jamii. Mpango wa wenye ulemavu mkubwa ulianza mwaka wa 2011, na nyumba iliyoandikishwa hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi, ingawa wakati mwingine huchelewa. Si kila mwenye kadi huzipata. Zimekusudiwa nyumba maskini yenye mtu asiyeweza kula, kuoga wala kwenda choo bila kusaidiwa. Hapa hospitali haihusiki. Muone afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Uandikishaji hufunguliwa kwa vipindi, basi chifu na wazee wa kijiji wamjue mtoto wako mapema. Najua kuna wanaomfungia mtoto ndani kwa kuogopa maneno ya majirani. Maafisa watamwandikaje mtoto ambaye hakuna amwonaye?

Tena usingoje pesa ndipo uanze matibabu! Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anahitaji mazoezi ya viungo tangu akiwa mchanga, kabla misuli haijakaza. Ulizia kitengo hicho katika hospitali ya kaunti. Kuhusu shule, afisi ya elimu itakuelekeza kwenye kituo cha tathmini. Vituo hivyo vilianza mwaka wa 1984, lakini wazazi wengi hawavijui.

Kama hujui pa kuanzia, mwite mhudumu wa afya wa kijiji chako, aje amwone mtoto nyumbani. Kwaheri kwa sasa.