Kadi ya TANU ya babu na pasipoti yangu ya kwanza

(Haya niliyasema kwenye semina ya vijana wa chama Jumamosi iliyopita. Wengi mliomba niyaandike, nayaweka hapa karibu kama nilivyoyasema.)



Nimepewa dakika kumi nizungumzie haki ya uraia. Mnajua nasoma sheria, kwa hiyo mnategemea vifungu. Vitakuja. Kwanza niwapeleke kwenye ofisi moja ya pasipoti, nilikokaa mwaka jana kwenye benchi la mbao tangu saa mbili asubuhi.

Chuo kilituchagua watatu twende nje ya nchi kwenye mashindano ya mahakama ya mfano. Hakuna kati yetu aliyewahi kuwa na pasipoti. Tukajaza fomu mtandaoni, tukalipa ile elfu 20 ya mwanzo kati ya laki moja na nusu, tukaenda kuhojiwa siku moja. Wenzangu, mmoja wa Moshi na mmoja wa Mbeya, waliulizwa wanakwenda kufanya nini, wakachukuliwa alama za vidole, wakatoka wanacheka.

Ikafika zamu yangu. Nina cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, barua ya chuo, na kiapo cha kuzaliwa cha baba, maana baba alizaliwa nyumbani mwaka 1968 na hakuwahi kupata cheti.

“Shikamoo afande.”

“Marahaba binti. Baba ni wa wapi?”

“Kasulu, Kigoma.”

Akaweka kalamu chini. Waliotoka Kigoma humu ndani wanaijua kalamu hiyo.

Babu alizaliwa wapi? Amezikwa wapi? Bibi mzaa baba ni wa ukoo gani? Unaongea Kiha? Nikasema kidogo, nimekulia Morogoro. “Hujui lugha ya kwenu?” Akaandika. Jamani, kaka yangu mtoto wa baba mkubwa anaongea Kiha safi kabisa. Yeye alipohojiwa aliambiwa hicho ni Kirundi. Usipojua lugha unaficha kitu, ukiijua umevuka mpaka juzi!

Niseme ukweli, yule afisa hakunitukana wala hakuniomba hata shilingi. Alisema tu, kwa upole, “Lete uthibitisho wa babu yako.” Babu alifariki kabla sijazaliwa. Alizaliwa miaka ya 30 kijijini. Nani alikuwa anamwandikia mtoto wa mkulima cheti cha kuzaliwa?

Nikampigia baba, baba akampigia bibi. Bibi akafungua sanduku lake la bati. Akatoa kipande cha babu cha enzi za manamba, alipokwenda Tanga kukata mkonge kama Waha wengi wa wakati ule. Chini yake kulikuwa na kadi ya TANU. Vikafungwa kwenye bahasha, vikapandishwa basi. Siku nilipovipokea, timu ilikuwa imeshaondoka. Hoja nilizoziandaa miezi mitatu zilisomwa na mwenzetu wa mwaka wa pili.

Afisa alipoiona kadi akatabasamu: “Ungeileta hii mapema, binti.” Pasipoti nikapata.

Mnacheka, na mimi nilicheka. Kijana wa upinzani kaokolewa na kadi ya TANU! Lakini usiku ule sikulala. Kama mchwa wangewahi lile sanduku, leo mimi ningekuwa nani?

Sasa vifungu. Ibara ya 17 ya Katiba inampa kila raia haki ya kutoka nje ya nchi na kuingia. Sheria ya Uraia, Sura 357, kifungu cha 5, inasema aliyezaliwa nchini tangu siku ya Muungano, tarehe 26 Aprili 1964, ni raia, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa humo. Baba yangu ni wa 1968. Mimi nikikisoma kifungu hicho simwoni babu. Dirishani babu ndiye wa kwanza kuulizwa. Na kumbukeni kwamba namba ya NIDA niliyokuwa nayo nilishahojiwa uraia kabla ya kuipata. Serikali imenitambua, halafu inaniuliza mimi ni nani.

Wapo waliopoteza kuliko safari. Someni kesi ya Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Tanzania. Mwaka 2012 alikwenda polisi Babati kwa shughuli za ndoa yake, wakashikilia pasipoti yake wakitilia shaka uraia. Mwaka 2014 akafukuzwa kwenda Kenya, Kenya nayo ikamrudisha, akaishia kuishi katikati ya mipaka pale Sirari. Tarehe 22 Machi 2018, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapo hapo Arusha, ilisema serikali ikipinga uraia wa mtu mwenye nyaraka ilizompa yenyewe, mzigo wa kuthibitisha ni wa serikali. Ikaagiza sheria yetu irekebishwe ili raia wa kuzaliwa awe na njia ya kwenda mahakamani.

Mwaka uliofuata, Novemba 2019, serikali ilijiondoa kwenye tamko lililomruhusu mwananchi kwenda kwenye mahakama hiyo moja kwa moja. Mlango aliopita Anudo, mimi na wewe leo hatupiti.

Kwa hiyo chama chetu kiseme mambo matatu bila kigugumizi. Mwenye cheti na namba ya NIDA achukuliwe kuwa raia mpaka serikali ithibitishe vingine. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi. Na akate rufaa mahakamani.

Wakati tunapigania hayo, mkienda kuhojiwa bebeni nyaraka halisi na nakala. Ulizeni wazee majina, vijiji na makaburi wangali hai. Msidanganye hata kidogo, taarifa za uongo kwenye maombi ya pasipoti ni jinai. Mkiombwa “ya soda”, msitoe. Mkiambiwa mrudi, andikeni tarehe na mlichoambiwa mlete.

Nimalizie na bibi. Nilipompigia kumwambia nimepata, hakuuliza pasipoti ikoje. Aliuliza, “Kadi ya babu yako wamekurudishia?” Nikamwambia walichukua nakala tu. Akasema, “Basi irudishe sandukuni mjukuu wangu. Wadogo zako wataihitaji.”

Makamanda, tufanye kazi wasiihitaji.