Digrii Ipi Italipa? Hotuba kwa Wazazi wa Busia na Tororo

Bwana Mwenyekiti, Masheikh, Maimamu wa misikiti yetu, wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana,



Nimetakiwa nijibu swali ambalo wengi wenu mmepata kuniuliza, ama uani mwa msikiti ama sokoni: "Mwalimu, mtoto amemaliza mtihani. Asome nini apate mshahara mwema?"

Swali hilo si la aibu. Kutafuta riziki ya halali ni jambo la sifa, na mama aliyeuza samaki miaka mingi ili kulipa karo ana haki ya kuuliza fedha zake zinakwenda wapi. Tena hazina ya elimu ya chama chetu ni ndogo, nayo ni jasho la watu wengi. Hatuna budi kuitumia kwa akili.

Jibu fupi twalijua sote. Huko Marekani na Uingereza, na hapa kwetu pia, orodha hufanana: juu hukaa udaktari, uinjinia, elimu ya kompyuta na zile kazi zitumiazo hesabu nyingi, kama uhasibu na hesabu za bima; chini hukaa sanaa na malezi ya watoto wadogo. Walakin orodha hiyo, mtu akiishika peke yake, yaweza kumpoteza. Yatupasa tujue mambo matatu yaliyo nyuma yake.

Jambo la kwanza ni kwamba mshahara humfuata mlipaji. Sisi wa mpakani twaliona hili kwa macho yetu. Tangu Julai 2022 Serikali ya Uganda ilimpandishia mwalimu wa sayansi mwenye digrii mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na mwenye diploma hadi milioni 3. Mwalimu mwenzake wa historia au dini, mwenye digrii kama yake na aliyekaa chuoni miaka ileile, aliachwa kwenye milioni moja na kidogo. Walimu wa sanaa waligoma Juni 2022, wakagoma tena Juni 2025. Sasa vuka mpaka. Upande wa Kenya, Tume ya Walimu hulipa kwa daraja la kazi, wala haiangalii kama mtu afundisha fizikia au jiografia. Digrii ni ileile, na mto ni mmoja, lakini thamani ni mbili. Basi mtu asidhani kuwa mshahara umeandikwa ndani ya karatasi ya digrii. Wenye kuuandika ni watu, na wanaweza kuufuta. Hata madaktari wa Kenya waliona hivyo. Mapatano ya mwaka 2017 yaliwapa madaktari wanafunzi wa kazi zaidi ya shilingi 206,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 Serikali ilitaka kuwalipa 70,000, na mgomo ukadumu siku 56.

Jambo la pili, digrii ni nusu ya safari. Mwenye digrii ya sheria hawezi kusimama mahakamani kama wakili mpaka apite chuo cha mafunzo ya uwakili. Daktari husoma miaka isiyopungua mitano, kisha hutumika mwaka mzima hospitalini chini ya wakubwa wake. Mwinjinia hana budi kuandikishwa na bodi ya wainjinia, na mhasibu hana budi kupasi mitihani ya chama cha wahasibu. Wazazi wengi huhesabu karo ya chuo, wakasahau gharama ya nusu hii ya pili, na kijana hukwama mlangoni. Kwetu sisi wa mpakani iko faida hapa: wahasibu wa Afrika Mashariki walitiliana mapatano ya kutambuana mwaka 2011, na wainjinia mwaka 2012. Mwenye cheti kilichotimia anaweza kutafuta kazi pande zote mbili.

Jambo la tatu ni wakati. Mafuta yalipogunduliwa Uganda mwaka 2006, vijana wengi walikimbilia masomo ya mafuta. Uamuzi mkubwa wa kutia fedha katika kazi hiyo ulikuja Februari 2022, baada ya miaka kumi na sita. Aliyesoma kwa kufuata uvumi alingoja. Aliyesoma uinjinia wa jumla, mitambo au umeme, alikuwa akila kwa kazi nyingine huku akingoja. Kwa hiyo msimchagulie mtoto kazi nyembamba mno kwa sababu gazeti limeisifu mwaka huu.

Ndugu zangu, sasa nafika kwenye shabaha ya maneno yangu. Miaka iliyopita alinijia mzazi mmoja pamoja na mwanawe. Fedha ya karo alikuwa nayo katika bahasha. Kijana alikuwa na alama nzuri, na alitaka uinjinia. Nikamwuliza alama yake ya fizikia, akainamisha kichwa. Aliiacha fizikia alipoingia Fomu ya Tatu, kwa sababu shuleni kwake hapakuwa na maabara wala mwalimu wa kudumu wa somo hilo. Fedha ipo, akili ipo, na mlango umefungwa tangu miaka miwili nyuma, wala hakuna aliyewaambia. Baba yule alitia bahasha yake mfukoni wakaondoka. Sijasahau mpaka leo.

Hapo ndipo mshahara unapoamuliwa. Uganda, atakaye uinjinia hana budi awe na hesabu na fizikia katika Senior ya Sita, na atakaye udaktari awe na kemia na baiolojia. Naye huchagua masomo hayo aingiapo Senior ya Tano. Kenya mlango umesogea karibu zaidi: wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Darasa la 10 Januari 2026, wakiwa wamekwisha kuchagua njia yao. Mtoto wa miaka kumi na tano anaamua, na mzazi bado anangoja kuuliza swali atakapofika miaka kumi na tisa.

Wala vyuo haviko mbali. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, kiko hapa hapa wilayani Busia, nacho hufundisha uinjinia wa kilimo, wa maji na wa migodi. Tawi lake la Nagongera, wilayani Tororo, hutoa walimu wa sayansi. Na madaktari wake husomea Mbale. Mbale hiyohiyo ndiko kilikofunguliwa Chuo Kikuu cha Kiislamu mwaka 1988. Wazee wetu nao waliliona jambo hili mapema. Kule Mombasa, Taasisi ya Elimu ya Waislamu ilianza kufundisha mwaka 1951, na ilichokazania ni ufundi wa mitambo na umeme, ili Waislamu wa Afrika Mashariki wasibaki nyuma katika kazi za zama mpya. Ikawa Politekniki mwaka 1972, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi. Mbegu iliyopandwa kwa nia njema imezaa.

Basi nashauri mambo matatu. Kwanza, sehemu ya hazina yetu iende chini, kwenye vifaa vya maabara na mafunzo ya likizo ya hesabu, fizikia na kemia, kabla watoto hawajachagua masomo. Kwa karo ya kijana mmoja chuoni twaweza kuwafungulia mlango wengi. Pili, binti zetu wakae katika madarasa hayo sawa na ndugu zao. Wodi za hospitali zetu zawangoja. Tatu, asilazimishwe mtoto. Mwenye kipawa cha lugha akisukumwa kwenye kemia, atatoka bila kemia na bila lugha. Naye wakala wa forodha mwaminifu, aliyepata cheti chake na kujua kazi yake hapo mpakani, huenda akawalisha watu wengi kuliko mwenye digrii anayekaa barazani.

Wazee wangu, kesho mtoto arudipo shuleni msimwulize amekuwa wa ngapi tu. Mwulizeni: "Fizikia mnafundishwa na nani, na maabara mnaingia mara ngapi?" Akikosa jibu, njoni tuonane mapema, kabla fedha haijafika kwenye bahasha.

Namwomba Mwenyezi Mungu atupe watoto wenye elimu na riziki njema, na sisi atujaalie kuamka kwa wakati. Amin.

Wassalaam alaykum.