Ombi la Tano: Sala za Kisanskriti kuhusu Elimu na Amani



Nimechagua kuzungumzia sala fupi ya Kisanskriti ambayo, tangu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, walimu na wanafunzi wa India huitamka kabla ya kuanza somo. Wengi wetu humu chuoni ni Wakristo, na Waislamu wapo; simwiti mtu ahame dini yake. Nawaomba tuisikilize kama watu wa chuo, kwa sababu inasema jambo ambalo Katanga imelijua kwa machungu: elimu inayotafutwa na watu wanaochukiana huwageukia wenyewe.

Sala hiyo imo katika Taittiriya Upanishadi, kitabu kitakatifu cha kale cha Uhindu, na husomwa pia pamoja na Katha Upanishadi. Wanaoomba ni wawili, mwalimu na mwanafunzi wake, nao huomba kwa sauti moja. Waombacho kwanza ni walindwe wote wawili. Pili, walishwe wote wawili. Tatu, wafanye kazi pamoja kwa nguvu. Nne, masomo yao yang'ae. Tano, wasichukiane. Kisha hutaja amani, shanti, mara tatu, na kitabu kinafunguliwa.

Angalieni yasiyoombwa. Mwanafunzi haombi afaulu mtihani peke yake, na mwalimu haombi aogopwe. Mwenye kujua na asiyejua wanasimama pamoja wakiwa wahitaji. Mwalimu anakiri kwamba naye anahitaji kulindwa na kulishwa, na kwamba bila huyu kijana aliye mbele yake kazi yake haitimii.

Lakini watu wawili waliokaa kusoma wachukiane kwa lipi? Shankara, mwanafalsafa anayewekwa kwa kawaida katika karne ya 8, alijibu swali hilo katika ufafanuzi wake wa Katha. Alisema sala hii inatuliza makosa yanayozaliwa na uzembe: uzembe wa mwalimu katika kutoa elimu, na uzembe wa mwanafunzi katika kuipokea. Hakumwondoa mwalimu katika lawama. Kwake, chuki ya darasani ina chanzo kinachoonekana kwa macho, nacho ni kazi iliyofanywa vibaya.

Nasi tunakijua chanzo hicho katika vyuo vya nchi hii. Profesa anasoma silabasi ileile mwaka baada ya mwaka, karatasi zimekuwa za manjano, naye anaiuza. Asiyeinunua anajua jina lake linakosekana kwenye orodha ya walionunua, na anajua maana yake siku ya mtihani. Upande wa pili yupo mwanafunzi anayemlipa mtu amwandikie kazi ya kumaliza masomo, halafu anaitetea mbele ya jopo bila haya. Mmoja anamwona mwenzake mnyang'anyi, mwingine anamwona mwenzake mwongo, na wote wawili hawakosei. Hapo ombi la tano limekwisha kuvunjwa, ingawa hakuna aliyeinua mkono.

Sasa, tuone elimu isiyo na ombi la tano inakofika, twende kwenye mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkurugenzi wa kampuni ya madini ya Union Minière, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe ya urani ya mgodi huo hadi New York. Urani ya Shinkolobwe ikawa sehemu kubwa ya ile iliyotumiwa na Marekani kutengeneza bomu la atomiki. Waliochimba hawakuambiwa inakokwenda. Aliyeongoza maabara ya Los Alamos, lilikotengenezwa bomu hilo, Robert Oppenheimer, alikuwa amejifunza Kisanskriti huko Berkeley kwa mwalimu Arthur Ryder, na miaka mingi baadaye alisimulia kwamba jaribio la kwanza la bomu, la 16 Julai 1945, lilimkumbusha Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Uhindu. Tarehe 6 Agosti bomu likaangushwa Hiroshima.

Ipimeni maabara ile kwa sala yetu. Wanasayansi wale walilindwa nyuma ya uzio. Walilishwa. Walifanya kazi pamoja kwa nguvu ambayo vyuo vichache vimewahi kuiona. Masomo yao yaling'aa. Maombi manne kati ya matano walijaliwa. La tano halikuwepo, kwa kuwa vita ndivyo vilivyoijenga maabara. Elimu yao haikuwa na upungufu wowote wa akili, na bado iliteketeza mji.

Karibu zaidi na nyumbani, wazee wa kampasi hii ya Lubumbashi wanaukumbuka usiku wa 11 kuamkia 12 Mei 1990. Kwanza wanafunzi waliwapiga wenzao waliowashuku kuwa wapelelezi wa serikali. Kisha makomando waliingia usiku katika mabweni, na idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Walionusurika wamesimulia kwamba maneno ya Kilingala, lititi mboka, yalitumiwa kuwatambua wa kuachwa. Lawama ya damu ile ni ya walioamuru na waliotekeleza, na hilo halina mjadala. Hata hivyo tujiulize sisi wa chuo: ilikuwaje watu waliokaa benchi moja wakagawanyika kwa makabila kabla askari hajafika? Na mwaka 1992 na 1993, familia zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa Likasi na Kolwezi, miongoni mwao walimu na wanafunzi, ni wangapi kati yetu wenye shahada walizuia?

Ndiyo maana amani hutajwa mara tatu. Kwa mapokeo ya Uhindu, ya kwanza hutuliza vurugu za ndani ya mtu mwenyewe. Ya pili, madhara yatokayo kwa viumbe wenzake. Ya tatu, yale yaliyo nje ya uwezo wa binadamu, kama ngurumo na mafuriko. Hatuna mamlaka juu ya mvua. Juu ya moyo wetu na juu ya jinsi tunavyomtendea jirani tunayo, na chuo kinachoacha mambo hayo mawili kwa makanisa na misikiti peke yake kimefundisha nusu tu.

Taittiriya hiyohiyo ina sehemu ambamo mwalimu anamuaga mwanafunzi aliyehitimu. Anamwagiza aseme kweli, asiache kusoma, amheshimu mama, baba, mwalimu na mgeni. Kisha anaongeza agizo ambalo walimu wachache huthubutu kulitoa: katika matendo yetu sisi walimu, fuata yaliyo mema tu.

Kwa hiyo naanza na sisi maprofesa. Katika somo la kwanza la mwaka huu, kila mmoja wetu awaambie wanafunzi wake anachowadai, na awaambie pia wanachoweza kumdai yeye: silabasi iliyoandikwa upya, mtihani wa haki, jina la mtu kusomwa bila kupimwa kabila lake. Nanyi wanafunzi, mtudai hayo kwa adabu na bila woga, kisha mlipe deni lenu kwa kazi ya mikono yenu wenyewe. Tukifanya hivyo tutakuwa tumeanza kuliishi ombi la tano. Maombi mengine manne tutayaomba tukiwa na haki ya kuyaomba.