Ishi na Upinde Wake

Wasikilizaji wetu, kwetu sisi upinde si kitu cha ajabu. Wako Wahadzabe wa pande za ziwa Eyasi ambao hata leo hupata nyama kwa mishale. Lakini jioni hii twataka kuwachukua mbali, mpaka California katika nchi ya Marekani, tuwasimulie habari za mtu aliyewinda ayala kwa upinde, na jinsi elimu yake ilivyookoka ilipokuwa karibu kuzikwa pamoja naye.

Ayala, kwa wasiomjua, hufanana kidogo na kulungu wetu. Pembe za dume zina matawi, nazo huanguka kila mwaka zikaota tena. Masikio yake ni mepesi, na pua yake yapita masikio.

Mtu huyo twamjua kwa jina la Ishi. Silo jina lake hasa. Katika lugha ya watu wake, Wayahi, maana yake ni "mtu" tu. Jina lake la kuzaliwa hakulitaja hata akafa. Watu wake waliuawa na wageni waliofuata dhahabu na ardhi, na wachache waliosalia wakajificha makorongoni miaka mingi. Mwezi wa Agosti, 1911, Ishi akiwa amebaki peke yake, alitokea karibu na mji wa Oroville, amekonda kwa njaa. Wataalamu wa chuo kikuu wakamchukua mpaka San Francisco, akakaa katika nyumba ya makumbusho.

Jirani na nyumba hiyo palikuwa na hospitali, na daktari mmoja wa hapo, Saxton Pope, akawa rafiki yake. Pope alikuwa bingwa wa kupasua wagonjwa, lakini katika mambo ya upinde alikubali kuwa mwanafunzi.

Je, alifundishwa nini? Kwanza, kuunda. Upinde wa Ishi ulikuwa wa mti wa mreteni, umegandishwa kano mgongoni, na urefu wake kama futi 3 na nusu. Ncha za mishale alizichonga kwa jiwe jeusi ling'aalo kama kioo, akilimega kidogo kidogo.

Pili, na hili ndilo kubwa, alifundishwa kwamba kufyatua mshale ni kazi ya mwisho. Ishi alipokusudia kuwinda, siku ya kabla yake hakula samaki wala hakuvuta tumbaku. Alfajiri alioga, akajisugua kwa majani yenye harufu njema, ili harufu ya binadamu imtoke. Kisha alishika upande ambao upepo ulimjia usoni. Huko alichuma jani bichi, akalikunja, akalitia midomoni na kulifyonza, likatoa sauti kama ya mtoto wa ayala aliaye. Jike alisikiapo huja kumtafuta mtoto. Pengine alivaa kichwa cha ayala kilichojazwa, akakiinua na kukiinamisha nyuma ya kichaka, mpaka mnyama akataka kujua ni nini, akasogea mwenyewe. Mwenye bunduki aweza kuua akiwa ng'ambo ya bonde. Mwenye upinde sharti awe karibu, na kukaribia ndiko kuliko na kazi.

Mwezi wa Mei, 1914, Pope na wenzake walimwomba Ishi awapeleke katika nchi yake ya zamani, kando ya kijito kiitwacho Deer Creek, yaani Kijito cha Ayala. Mwanzoni hakupenda, maana huko walikuwa wafu wake wote. Hata hivyo alikwenda, akawaonyesha vijiji vilivyokuwa mahame, na jinsi watu wake walivyowinda. Fikirini, wasikilizaji: mtu mmoja arudi kwao, wala hapana hata mmoja wa kumwitikia kwa lugha yake.

Tarehe 25 Machi, 1916, Ishi alikufa kwa kifua kikuu. Lakini upinde haukufa. Pope aliendelea kuwinda ayala kwa mishale pamoja na rafiki yake Arthur Young, na mwaka 1923 alitoa kitabu chenye mafundisho ya Ishi. Tena mwaka 1925 hao wawili walikuja kwetu Tanganyika pamoja na mwandishi Stewart Edward White, wakawinda simba kwa upinde. Mwaka uliofuata Pope naye alifariki.

Basi, tazameni njia iliyopita elimu hiyo: toka kwa mtu mmoja asiye na mtoto wala ndugu, mpaka kwa mgeni aliyekubali kufundishwa. Kama Pope angeona haya kuuliza, leo tusingekuwa na la kuwasimulia. Sheria za wanyama pori hazimruhusu kila mtu kuwinda, wala hatuwaambii mwende porini. Bali nanyi wanafunzi, mnao wazee wajuao miti ya upinde, nyayo na pepo. Waulizeni wangali hai, mkaandike wanayowaambia.