Mazoezi Yasiyo na Siku

Mhadhara wa umma, Kilwa Masoko



Nimeombwa nieleze kwa nini wanaoanza kujifunza ala ya muziki huishia njiani. Swali hili huulizwa kwa masikitiko na kujibiwa haraka: uvivu, simu, watoto wa siku hizi. Jibu hilo silikubali, na sababu zangu nyingi nimezitoa hapa hapa kwenu.

Mchukueni kijana aliyeliweka gitaa juu ya kabati baada ya miezi minne. Huyo huyo anapiga dufu tangu akiwa madrasa, na hajaacha. Hakuna aliyemkalisha kumwambia akaze moyo. Lakini Mfunguo Sita unakuja, Maulidi yatasomwa, mstari umeshapangwa, na akikosa yeye pengo litaonekana na mama yake yupo upande wa pili anasikiliza. Gitaa lake halina Mfunguo Sita. Akilipiga leo au asilipige, kesho ni ile ile.

Hoja yangu ya jioni hii ndiyo hiyo. Tumezoea kuitafuta hamu ya mazoezi ndani ya kifua cha mwanafunzi, na tukiikosa tunamlaumu. Kwenye mwambao huu hamu hiyo aghalabu ilikaa nje yake: katika siku iliyopangwa, katika wenzake, na, tusione haya kusema, katika mahasimu.

Mahasimu hasa. Ngoma ya beni iliyoenea pwani yote zama za Wajerumani na baada yao iligawa miji kati ya Marini na Arinoti, na watu walitoka jasho kwenye tarumbeta na ngoma ili tu wale wa upande wa pili wakome. Unguja, klabu ya taarabu ya Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na haukupita muda mrefu ikapata mshindani wake, Nadi Shuub. Klabu za taarabu za wanawake nazo zikaja kutambiana kwa sare, kwa mafumbo na kwa nyimbo mpya. Mtu anayejua kuwa upande wa pili wanafanya mazoezi usiku huu haulizi kama leo anajisikia.

Sasa niguse jina lenu. Katika miaka ya 1960 na 1970, bendi iliyojulikana Dar es Salaam na kwingineko kwa jina la Kilwa Jazz ilikuwa ya vijana wa huku, ikiongozwa na Ahmed Kipande. Jiji lilikuwa na bendi za namna hiyo: Western Jazz ya Iddi Nhende kwa watu wa magharibi, Rufiji Jazz, Ulanga Jazz. Kupiga vibaya ilikuwa aibu ya wilaya nzima. Na Radio Tanzania ilirekodi bendi ikipiga pamoja, moja kwa moja; mpiga besi akiteleza, wote wanaanza upya, na mtangazaji anatazama saa. Wimbo ukitoka hewani, mjomba yuko Kilwa Kivinje na redio yake ya betri, anasikiliza.

Lakini kuna jambo kuhusu bendi zile ambalo kijana wa leo hushangaa akiambiwa. Wapigaji wengi hawakuwa na gitaa nyumbani. Vyombo vilikuwa mali ya klabu, ya shirika au ya tajiri mwenye bendi, na ndiyo maana mwanamuziki akigombana na mwenye vyombo aliondoka mikono mitupu. Utumwa huo siusifii. Nasema tu kwamba mtu alifanya mazoezi mchana ukumbini, mwenzake wa rithimu akiwa ubavuni, watoto wamening'inia madirishani, na Jumamosi dansi lipo. Wajukuu zao wanamiliki magitaa. Wanayapiga chumbani, mlango umefungwa, na hakuna anayewasubiri Jumamosi.

Najua msomi aliyekaa mstari wa mbele ana swali, kwa kuwa amekunja uso tangu nilipotaja dufu. Atasema: ufundi wa kweli hupatikana upwekeni. Ana haki. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanafunzi wa fidla wa chuo cha muziki cha Berlin Magharibi, wakaona kuwa walio bora walikuwa wamekusanya saa nyingi zaidi za kufanya mazoezi peke yao. Kufikia umri wa miaka 18, wastani wao ulipita saa 7,000. Huwezi kujifunza kubana nyuzi zote sita kwa kidole kimoja katikati ya kelele za bendi. Ila uchunguzi ule ule ulionyesha kuwa wapigaji hao, walipoulizwa, waliyaweka mazoezi ya peke yao juu kabisa kwa umuhimu, wala hawakuyaweka huko kwa starehe. Waliyafanya bila kuyafurahia sana. Na walikuwa wapi? Chuoni, penye mwalimu anayesubiri somo la wiki na jukwaa linalofuata. Upweke wao ulikuwa umezungukwa na watu.

Naye mtafiti Gary McPherson, aliyewafuatilia watoto 157 wa Sydney waliokuwa wanaanza ala, aliwauliza kabla ya kuanza wanadhani watapiga kwa muda gani. Waliojiona wakipiga miaka mingi walisonga mbele kuliko waliodhani ni mambo ya mwaka mmoja, hata pale hao wa pili walipofanya mazoezi zaidi. Mtoto wa Masoko ataipata wapi picha hiyo ya miaka mingi? Kwa kumwona mtu mzima. Akimwona mpiga zumari anayevuta pumzi kwa pua huku mashavu yakiendelea kupuliza, sauti isikatike, atajua kuna mahali pa kufika. Asipomwona, hajui.

Hapa inabidi nikiri kwa niaba ya vijana jambo ambalo sisi walimu hatupendi kulisikia: wakati mwingine anayeacha amehesabu vizuri. Tangu miaka ya 1990, taarabu ya kisasa imemweka mtu mmoja na kinanda cha umeme mahali pa fidla, nai, kanuni na hata ngoma. Shughuli inaenda, wageni wanatunza, bwana harusi analipa kidogo. Mwenye nai amenyang'anywa kiti, kisha tunamuuliza hamu yake imekwenda wapi. Taarabu hiyo naipenda na ninaicheza, msinielewe vibaya, lakini kiti hakipo.

Halafu kuna hewa ya chumvi. Anayefikiri hamu ni suala la moyo tu hajaishi mahali ambapo nyuzi hushika kutu kabla hazijazoeleka. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatu kwa kila sauti. Unyevunyevu ukiulegeza mti wake, saa ya mazoezi huishia kwenye kuzikaza. Hata hivyo upungufu peke yake hauui. Kule Kinshasa, Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi, alianzisha okestra ya waumini wa Kanisa la Kimbangu mwaka 1994 kwa fidla chache zilizopokezanwa mkono kwa mkono, na uzi ulipokatika walifunga waya wa breki ya baiskeli. Aliyengoja zamu yake aliipiga fidla kama mwenye deni. Okestra ile ingalipo.

Chuo cha muziki cha Unguja, kilichofunguliwa mwaka 2002, kiliyumba kwa ukosefu wa fedha mwaka 2019, na tangu hapo kila mdau anazungumzia fedha. Fedha zinahitajika. Lakini ombi langu kwenu ni dogo na la gharama ndogo. Shule moja niliyowahi kuitembelea ina tarumbeta na magitaa ya msaada ndani ya kabati lenye kufuli, yasiibiwe, na hayajaibiwa, hayajapigwa pia. Hapa Masoko, vyombo vitakavyopatikana viwekwe mahali pamoja panapofunguliwa kati ya Alasiri na Magharibi. Kila mwezi Ijumaa moja iwe ya wanaojifunza kupiga hadharani, vibaya, mbele ya watu wao, na Kivinje waalikwe na wa kwao. Anayeanza asisubiri awe hodari ndipo asikike.

Limebaki suala la nani atashika ufunguo. Nimeambiwa kamati imeshapendekeza mwalimu mkuu. Naomba ufunguo apewe mwanafunzi.